Mwalimu anasema niache kumsemesha mwanangu Kihadza. Je, nimsikilize?

*Swali la msomaji:*

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mhadzabe, nimezaliwa upande wa Bonde la Yaeda na sasa naishi Karatu, ambako nimeolewa na Mwiraqw. Nyumbani tunaongea Kiswahili, na mama mkwe huongea Kiiraqw na wajukuu wake. Mwanangu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka mitano, nimemsemesha Kihadza tangu kuzaliwa tukiwa wawili, lakini tangu aanze darasa la awali mwalimu wake ananiambia niache, kwa kuwa mtoto anachanganya maneno na lugha tatu ni mzigo kwake. Mama mkwe naye anasema zile sauti za kugonga ulimi zitamharibia matamshi. Watoto wenzake walimcheka wakamwita Mtindiga, na siku hizi nikimwita kwa Kihadza mbele za watu ananijibu kwa Kiswahili. Mdogo wake ana miezi minane na sijui nianze naye vipi. Nimesikia pia kwamba lugha yetu ni ya watu wa kale kutoka Afrika Kusini na kwamba itakufa tu, na wapo wanaosema tusihangaike maana watafiti wameshairekodi. Bibi yangu alirekodiwa kabla hajafariki, lakini sisi hatujawahi kuisikia ile sauti. Je, niendelee au niache? Halafu huyu mdogo nataka apewe jina la bibi, ila lina kugonga ulimi ndani yake na sijui litaandikwaje kwenye cheti.*

Marahaba, mama. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona ndani yake maswali mawili yaliyosukwa pamoja. La kwanza ni la mtoto: je, lugha tatu, na hasa hii yenye vidoko, yaani zile sauti za kugonga ulimi, zitamdhuru akili au ulimi? La pili ni la lugha yenyewe: je, inafaa kuhangaika na lugha ambayo watu wameshaitolea hukumu? Wengi huyajibu yote mawili kwa mpigo mmoja, ndiyo maana mwalimu ambaye nia yake ni mwanao afaulu darasani anajikuta ameihukumu lugha nzima bila kukusudia. Mimi nitayatenganisha. Jibu la swali la kwanza ni fupi na nina uhakika nalo: usiache. La pili ni refu, na si lote lililo mikononi mwako.

Nianze na hilo la kuchanganya maneno. Tuseme mwanao ametoka nje akarudi mbio akakuambia, "Mama, nimeona dongobee wengi." Mwalimu atasikia hapo mtoto aliyechanganyikiwa. Mtu wa isimu atasikia mtoto aliyechukua jina la punda milia kutoka Kihadza, akaliweka katika wingi wake sahihi wa Kihadza, kisha akalifuatisha na "wengi" kwa upatanisho sahihi wa Kiswahili, upatanisho uleule ambao hata wageni waliosoma miaka kadhaa hukosea. Aliyechanganyikiwa hawezi kufanya hivyo. Mtoto anayekua na lugha zaidi ya moja hukopa neno kutoka pale linapopatikana haraka, na kanuni za kila lugha huwa zimekaa kichwani mwake kila moja mahali pake. Watu wazima wa mjini hupachika Kiingereza katika Kiswahili chao kutwa nzima, na hakuna mwalimu anayewaita wazazi wao shuleni.

Mwalimu huenda ameona jambo la kweli lakini akalitafsiri vibaya. Inawezekana mwanao anajua maneno machache ya Kiswahili kuliko mwenzake ambaye nyumbani husikia Kiswahili peke yake. Hilo ni la kawaida, kwa sababu maneno ya mtoto wa lugha tatu yamegawanyika: ya sukari na kikombe ameyapata kwa Kiswahili, ya ng'ombe na maziwa kwa bibi yake wa Kiiraqw, ya mizizi, asali na ubuyu kwako wewe. Mwalimu anahesabu chungu kimoja kati ya vitatu. Ukihesabu vyote kwa pamoja, mara nyingi utakuta hapungukiwi na wenzake, na hicho chungu cha Kiswahili kitaendelea kujaa kwa kuwa Kiswahili atakikuta darasani, sokoni, redioni na kwa watoto wenzake. Kihadza, pale Karatu, kina mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni wewe.

Sasa vidoko. Mweleze mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba yeye mwenyewe huvitamka. Mtu akikuudhi ukasonya, umeinua sehemu ya nyuma ya ulimi ikagusa kaakaa laini, ncha yake ikabana nyuma ya meno, ukaivuta hewa iliyonaswa katikati, kisha ukaachia. Hicho ndicho kidoko cha meno. Ile sauti ya kumhimiza punda, inayotoka ubavuni mwa ulimi karibu na magego, ni kidoko cha ubavuni. Tofauti ni kwamba sisi wengine tunazitumia sauti hizo kwa dharau na kwa punda, ilhali Kihadza kimezifanya kuwa konsonanti, zikakaa ndani ya maneno kama p na t zinavyokaa katika maneno yetu. Mtoto anayezijua ameongezewa ustadi wa ulimi, na hakuna sauti ya Kiswahili inayoondoka ili kuipisha nyingine. Nelson Mandela alilelewa kwa Kixhosa, lugha ambayo hata jina lake huanza na kidoko, na hotuba zake za Kiingereza zilieleweka dunia nzima.

Kwa huyu wa miezi minane nina habari njema zaidi. Mtoto mchanga huweza kutofautisha sauti za lugha nyingi ambazo hajawahi kuzisikia nyumbani, na uwezo huo hupungua anapokaribia kutimiza mwaka, kwa sababu sikio lake linajifunga kwenye lugha zinazomzunguka. Vidoko, hata hivyo, vina bahati yake. Mwaka 1988 Catherine Best na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watoto wa Kimarekani na watu wazima pia, wote wakiwa hawajui neno la Kizulu, walisikilizishwa vidoko vya Kizulu na wakaweza kuvitofautisha. Maelezo yao ni kwamba kidoko hakifanani na sauti yoyote ya lugha ya msikilizaji, hivyo sikio halikimezi ndani ya sauti nyingine. Kwa hiyo hujachelewa, wala kwa mdogo wala kwa mkubwa. Sema naye unapomnyonyesha, unapomwogesha, unapomfunga mgongoni. Usimfundishe maneno kama darasani. Msemeshe tu, kama mama yako alivyokusemesha wewe.

Yapo mambo ambayo ukiyaona hupaswi kusubiri jibu la kuandikwa kama hili. Mtoto ambaye hajaanza kubwabwaja akitimiza mwaka, ambaye hana neno hata moja akifika mwaka na nusu, ambaye akiwa na miaka miwili haunganishi maneno mawili hata ukihesabu ya lugha zote, ambaye hageuki ukimwita akiwa amekupa mgongo, au ambaye alikuwa akiongea kisha maneno yakaanza kupotea, huyo apelekwe kliniki, na uombe apimwe masikio kabla ya jambo lolote jingine. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara huchelewesha watoto wengi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Na mhudumu akikuambia dawa ni kufuta lugha moja, mwulize kwa upole ni kipimo gani kimemwonyesha hivyo, na kama anaweza kukuandikia rufaa uende kwa mtaalamu wa usemi katika hospitali kubwa. Mwenye tatizo la usemi huwa nalo katika lugha zake zote, na kumwondolea moja hakumponyi katika zilizobaki.

Tuje kwenye lugha yenyewe, ambako nimeona umebebeshwa mizigo isiyo yako.

Kwanza, Kihadza, au Hadzane kama ninyi wenyewe mnavyokiita, hakikutoka Afrika Kusini. Hadithi hiyo ilienea kwa sababu katikati ya karne ya 20 Joseph Greenberg, aliyeziainisha lugha zote za Afrika katika makundi makubwa manne, aliziweka lugha za vidoko katika kundi moja: zile za Wasan na Wakhoi wa kusini, Kisandawe cha huko Dodoma, na chenu. Wanaisimu waliokuja kuyapima maneno na sarufi kwa makini, akiwemo Bonny Sands katika miaka ya 1990, hawakupata ushahidi wa kutosha wa undugu huo. Kufanana kwa sauti si undugu. Kizulu kina vidoko na ni Kibantu kama Kiswahili. Leo wengi wetu tunakihesabu Kihadza kuwa lugha pweke, maana yake haina ndugu anayejulikana popote duniani. Ikipotea, unapotea ukoo mzima wa lugha, si tawi moja lake.

Pili, hilo la "watu wa kale". Hakuna lugha iliyo hai ambayo ni ya kale kuliko nyingine, kwa sababu kila moja imerithishwa na kubadilika kwa muda uleule hadi kufika kinywani mwa mtu wa leo. Anayekuita mabaki ya zama za mawe anakusifu kwa namna inayokuondoa katika karne hii, na mtu aliyeondolewa katika karne yake ni rahisi pia kuondolewa katika ardhi yake. Na hilo jina la Mtindiga mlipewa na wengine. Jina lenu lina sarufi nzuri ndani yake. Kihadza hugawa majina katika jinsia mbili, na wingi una umbo la kiume na umbo la kike. Zipo lugha nyingi ambamo mwanamume mmoja akiingia katika kundi la wanawake mia, kundi lote huhesabiwa kuwa la kiume. Kwenu ni kinyume. Wanaume na wanawake wakisimama pamoja, lugha huwataja kwa umbo la kike: Hadzabee. Mwambie mwanao kwamba kila anayetamka Wahadzabe, hata yule anayemcheka, amebeba sarufi yenu mdomoni bila kujua.

Tatu, utasikia kwamba lugha isiyo na namba ni lugha maskini. Ni kweli kwamba Kihadza kina maneno yake ya moja na mbili, kisha tatu limetoka kwa Wadatoga, na nne, tano na kumi yametoka kwa Wasukuma. Lakini anayesema hivyo mwombe ahesabu kwa Kiswahili hadi kumi. Akifika sita, saba na tisa amesema Kiarabu, na akiendelea hadi ishirini na thelathini amekirudia. Lugha hukopa inapofanya biashara na jirani, na hakuna aliyewahi kukiita Kiswahili maskini kwa sababu ya tisa.

Utajiri wa Kihadza utafute mahali ambapo wenye lugha walifanya kazi nyingi. Nyuki wanaouma na nyuki wadogo wasiouma, asali zao zina majina mbalimbali. Na kuna jambo ambalo mimi binafsi huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka kwa sababu sijalikuta kwingine kwa ukamilifu huo: mnyama mkubwa ana jina moja akiwa hai na jina jingine kabisa akishauawa. Punda milia anayekula majani ni dongoko. Akishalala chini kwa mshale, yule anayeleta habari kambini hasemi dongoko tena, husema hantayii. Twiga ana lake, nyati lake, chui lake, na maumbo ya majina hayo yanafanana na kitenzi cha kuamrisha, kana kwamba habari ya nyama ni wito wa kuinuka na kwenda. Huhitaji mimi nikueleze hayo. Uliyasikia ukiwa mdogo. Nimeyaandika kwa sababu ndiyo yanayonisaidia kujibu swali lako gumu zaidi, la kama lugha itakufa.

Neno hantayii halitasahauliwa kwa sababu ni gumu, wala kwa sababu Kiswahili kina "punda milia". Litasahauliwa siku ambayo hakuna atakayerudi kambini na habari ya kuleta. Lugha huondoka pamoja na kazi zake na mahusiano yake, na mara nyingi wenyewe hawaoni ikiondoka, kwa kuwa kila hatua huwa na sababu njema.

Waangalie Wayaaku wa Kenya. Waliishi katika msitu wa Mukogodo huko Laikipia, kaskazini ya Mlima Kenya, wakiwinda na kurina asali, na mahari kwao ilikuwa mizinga ya nyuki. Majirani zao wafugaji, wasemao Kimaa, walikuwa na ng'ombe. Binti wa Kiyaaku aliweza kuolewa kwa majirani na baba yake akapokea mifugo, lakini kijana wa Kiyaaku mwenye mizinga tu hakuwa na cha kupeleka kwa majirani hao, na baada ya muda hata baba wa Kiyaaku hakutaka tena mizinga, alitaka ng'ombe. Kijana akatafuta ng'ombe. Ng'ombe walikuja na maneno yao ya rangi, umri, magonjwa na malisho, yote ya Kimaa, na walikuja na dharau pia, kwa maana majirani waliwaita watu wa msituni Iltorrobo, yaani mafukara wasio na mifugo. Masimulizi yaliyokusanywa na wanaisimu baadaye yanasema kwamba katika miaka ya 1930 watu walikubaliana hadharani kuwalea watoto kwa Kimaa, wakiona lugha yao inafaa uwindaji na haifai ufugaji. Ilichukua takriban kizazi kimoja. Leo wajukuu wao wanaotaka kuirudisha hujifunza neno mojamoja kutoka kwa wazee wachache mno. Kwetu Tanzania, Waasax wa nyika za Umasai walipita njia inayofanana na hiyo, na mzungumzaji wa mwisho aliyejulikana alifariki mwaka 1976.

Ninyi hamjafika huko, na napenda ulishike hilo. Wahadzabe ni watu 1,000 na ushei, wakizungukwa na Wairaqw, Wadatoga, Waisanzu na Wasukuma ambao kila mmoja anawazidi mara nyingi, na bado katika makambi ya Yaeda watoto hukua wakisema Kihadza. UNESCO iliiweka lugha yenu katika ngazi ya kwanza ya hatari, ile ya lugha ambazo watoto wengi bado wanazisema lakini matumizi yake yamebanwa. Kwa lugha ya watu 1,000 hilo ni jambo la ajabu, na sababu yake ninavyoona mimi ni kwamba hamkuacha kazi zenu. Ndiyo maana nikiulizwa ni tukio gani la karibuni lililoisaidia zaidi lugha hii, sitaji kamusi. Nataja hati za hakimiliki ya kimila ambazo Wahadzabe wa Mongo wa Mono walikabidhiwa mwaka 2011, kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000. Upande wa Mang'ola, ambako mashamba ya vitunguu yamefika hadi ukingoni na watalii huja kila asubuhi, kazi ya ujira na ya utalii inafanywa kwa Kiswahili, na hapo ndipo ningekuwa na wasiwasi zaidi.

Kwa hiyo anayekuambia "itakufa tu" anasema kwa uhakika asiokuwa nao, lakini na mimi siwezi kukuahidi kwamba mama mmoja wa Karatu ataiokoa. Usijitwishe hilo. Wewe unaamua jambo dogo zaidi: kama watoto wako wawili watakuwa na mlango wa kuingilia kwa bibi yao, wajomba zao na binamu zao.

Hapa niwe mkweli kuhusu utakachokipata. Mzazi mmoja akiwa peke yake na lugha yake katika mji ambao wengine wote wanasema nyingine, mara nyingi hupata mtoto anayeelewa karibu kila kitu na kujibu kwa lugha ya mji. Usikasirike, na usimlazimishe ajibu kwa Kihadza mbele ya wenzake. Amekwisha kusikia kicheko, na mtoto wa miaka mitano anajua kupima kicheko kuliko sisi. Mkiwa wawili, endelea kusema Kihadza hata akijibu Kiswahili, kwa sauti ileile, bila kumsahihisha na bila kubadili lugha ili kumfuata. Kuelewa huko ni akiba. Mtoto anayeelewa huweza kuanza kusema katika majuma machache akiwekwa mahali ambapo hakuna njia nyingine.

Mahali hapo unapajua. Mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili shule zikifungwa, mpeleke Yaeda kwa mama yako, na kama inawezekana wewe usibaki, au ukibaki, usiwe mkalimani. Binamu wa umri wake watamfundisha mengi zaidi kwa siku moja ya kuchimba mizizi kuliko wewe kwa mwezi mzima jikoni, kwa kuwa hatakuwa anajifunza lugha, atakuwa anatafuta asiachwe nyuma. Mdogo wake naye akianza kuongea, kaka mtu atageuka mwalimu. Ndugu wawili wenye lugha ya siri wanaweza kuihifadhi vizuri kuliko mzazi mwenye msimamo. Mume wako si lazima ajue Kihadza. Inatosha asikasirike asipoelewa mnachosema, na siku moja moja amwulize mwanawe, "Hiki kwa kina mama kinaitwaje?" Mtoto wa kiume akimwona baba yake anauliza, lile jina la Mtindiga litapungua makali. Mama mkwe mshirikishe kwa upande wake. Kiiraqw ni hazina pia, na mtoto wako akizijua zote tatu anaweza kuzungumza na karibu kila mtu atakayekutana naye kuanzia sokoni Karatu hadi kando ya Ziwa Eyasi.

Kwa mwalimu, usiende na ubishi. Mwambie kwamba Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina, na kwamba kufundisha kwa Kiswahili darasani hakumzuii mama kusema lugha yake nyumbani. Kenya wamekwenda mbali zaidi, Katiba yao ya 2010 imeahidi katika Ibara ya 7 kuzilinda lugha za watu wake. Kisha mwombe jambo moja tu, nalo ni kukomesha kicheko. Hilo liko ndani ya uwezo wake kabisa, na pengine hajui kwamba ndilo linaloumiza.

Kuhusu kurekodi, wale wanaosema lugha imeshahifadhiwa wanachanganya mbegu na shamba. Rekodi ni jambo jema sana. Bila rekodi, Wayaaku wa leo wasingekuwa na pa kuanzia. Lakini rekodi haimjibu mtoto, haimkemei, wala haimwiti kula. Na rekodi ambayo familia ya msemaji haijawahi kuisikia ina kasoro ya pili, ambayo ni yetu sisi watafiti, na sitaifunika. Sauti ya bibi yako mna haki ya kuiomba. Waulize wazee ni mwaka gani mtafiti alikuja, alitoka chuo gani na alifuatana na nani. Watafiti wa kigeni hupewa kibali na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kutoka hapo jina lake linaweza kupatikana. Watu wa isimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Mradi wa Lugha za Tanzania ulichapisha mwaka 2009 atlasi ya lugha zaidi ya 150, wanaweza kukusaidia kuandika barua. Watafiti wengi wakiombwa nakala hufurahi kuituma.

Wakati huohuo mrekodi mama yako mwenyewe. Simu inatosha, ila usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kuwa huibana sauti na ubora wake hupungua. Weka programu ya kurekodi inayohifadhi kwa mfumo wa WAV, iweke simu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni mwake, pembeni kidogo ili pumzi isiipige, na mkae mahali pasipo upepo. Usimwombe orodha ya maneno. Mwombe akusimulie jinsi alivyomlea mama mdogo wako, au mwombe agombane na shangazi kuhusu jambo la zamani. Mwanzoni kabisa mwa rekodi aseme jina lake, tarehe, na kwamba anakubali, na nani anaruhusiwa kusikiliza. Yapo mambo ya epeme, ile ibada yenu takatifu, ambayo si ya kila sikio, na yeye ndiye anayejua mpaka uko wapi.

Nimalizie na jina la mtoto. Kihadza bado hakina tahajia inayotumiwa na wote, lakini waliokiandika kwa herufi za kawaida hufuata njia ya Wazulu: c kwa kidoko cha meno, q kwa kile cha ufizi, x kwa kile cha ubavuni. Faida yake ni kwamba herufi hizo zimo katika kila kompyuta ya ofisi ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, tofauti na zile alama za vistari ambazo wanaisimu tunazipenda na mashine huzikataa. Hasara yake utaikuta nyumbani kwako, kwa sababu Kiiraqw nacho kina q na x zenye sauti nyingine, kwa hiyo mama mkwe akiliona jina kwenye cheti atalisoma kwa Kiiraqw, na itakubidi ulitamke mbele yake mara kadhaa hadi alizoee. Liandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa kabla hujatoka nyumbani na umkabidhi karani karatasi hiyo badala ya kumtamkia, kisha lisome tena herufi kwa herufi kabla cheti hakijachapwa, maana kusahihisha jina baadaye ni safari nyingine na fomu nyingine.